Gari Lililoingia Jikoni kwa Bibi Koleta

Tangu nirudi, kila mteja anayekuja kupimwa nguo anaanza na swali moja kabla hata hajanyoosha mikono: "Zuhura, hivi ni kweli uliingia na gari jikoni kwa watu?" Ni kweli. Nimeshasimulia mara nyingi nikiwa na pini mdomoni, na kila mtu ameondoka na habari yake. Mwajuma anaamini nilivunjika mbavu mbili. Mama Renata anaamini jiko lilikuwa la shule na watoto walikosa uji. Nimeona niandike mara moja, msome wote, mimi niendelee kushona. Habari za fomu nitaziruka, maana nikizieleza hata mimi nasinzia.

Mzumbe hadi kwenye kona

Mnajua kwamba nashona sare. Safari hii zilikuwa sare za kwaya ya kigango kimoja huko juu Mgeta, wenyewe wakizihitaji kabla ya Jumapili ya kipaimara. Nilizikunja, nikazipanga kwenye kiti cha nyuma cha kigari changu cha bluu, nikaondoka Morogoro asubuhi. Mume wangu Shabani anafanya kazi reli, Ngerengere, na hurudi mwisho wa wiki. Alinipigia simu kuniambia nisipande mlima kama kuna mvua. Nikamwambia hakuna mvua. Kwa wakati ule na mahali nilipokuwa, lilikuwa jibu sahihi.

Baada ya Sangasanga barabara inaanza kupanda, na manyunyu yakaanza nayo. Nilikwenda polepole. Karibu na kitongoji ambacho wenyewe wameniomba nisikitaje, kwa sababu wamechoka kutembelewa, nilikutana kwenye kona na lori la kabichi likishuka. Kwa kuwa dereva wake ndiye aliyebeba mzigo, nikampisha. Nikasogea ukingoni kabisa. Dereva akapita, akaninyooshea mkono kushukuru, nami nikamnyooshea wangu. Nilipoushusha, udongo chini ya magurudumu ya kushoto ukaondoka.

Gari halikuanguka. Lilishuka. Nilikanyaga breki, nikavuta na ya mkono, na gari likaendelea kushuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani. Mbele yangu kulikuwa na paa la bati na moshi unatoka pembeni. Nilikuwa na muda mrefu sana wa kuutazama ule ukuta wa udongo ukija. Pengine ndiyo sababu nilisikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Hodi!"

Na mtu akajibu, "Karibu!"

Halafu ukuta ukafunguka.

Vumbi lilipotulia, nilikuwa nimekaa ndani ya gari, na gari limekaa ndani ya jiko hadi kwenye milango ya mbele. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka juu ya mafiga, umbali wa kiganja kutoka kwenye bampa. Hakuna hata harage moja lililomwagika. Aliyejibu karibu alikuwa nyuma ya nyumba anafungua mbuzi kamba. Akaja na ile kamba mkononi, mama mtu mzima, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Alitazama gari, akatazama chungu, akanitazama mimi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Hapana."

"Basi zima hicho kitu, kinatia moshi kwenye maharage."

Huyo ndiye Bibi Koleta. Ni mjane, analima njegere na viazi, na watoto wake wote wako Dar es Salaam. Niliposhuka niliona ile sehemu ambayo sijaipenda kuisimulia nikiwa na pini mdomoni. Chini ya gurudumu la mbele kulikuwa na kigoda, kimepasuka vipande vitatu. Bibi alikuwa amekikalia muda mfupi kabla. Mbuzi alilia, Bibi akainuka kwenda kumtazama, na wakati anafungua kamba nikapiga hodi. Nilikaa chini kwenye tope nikiwa na gauni la kitenge nililolishona juzi yake.

Majirani wakajaa. Bibi Koleta alipoona ushungi wangu, alimtuma mtu kwa jirani Mwislamu kuazima sufuria, maana la kwake, alisema bila kuficha, Jumapili lilikuwa na nguruwe. Nikapikiwa viazi na njegere kwenye sufuria la kuazima, uani, mvua ikitunyeshea, kwa kuwa jiko lilikuwa na gari.

Trafiki alifika baada ya muda wa saa tatu, akapima kwa hatua, akaandika, kisha akauliza, "Mlalamikaji ni nani?"

Watu wakatazamana.

"Hapa hakuna anayelalamika," akasema Bibi Koleta. "Tunakula. Na wewe kaa."

Trafiki akakaa. Katika daftari lake, nilikuja kuambiwa baadaye, sehemu ya mlalamikaji ilibaki wazi.

Kushuka na mboga

Nililala kwa Bibi Koleta. Kesho yake wanaume wa kitongoji walilitoa gari jikoni kwa kamba, wakiimba, na wanakwaya wakaja kuchukua sare zao kwenye kiti cha nyuma. Zilikuwa safi. Mmoja aliijaribu yake pale pale na kulalamika kwamba mabega yanabana, nami nikapima mabega yake upya.

Gari la kuvuta lilitoka Morogoro mjini. Dereva wake alikuwa bwana mmoja wa makamo asiyependa maneno. Nilidhani tungeshuka moja kwa moja. Lakini kumbe kila akija huku mke wake humpa orodha. Alisimama Langali, akanunua karoti. Akasimama tena mbele kidogo, akanunua figiri na vitunguu. Akasimama kwa mama mwenye matunda ya plamu, akayaonja moja moja hadi mama yule akamnyang'anya kapu. Kwa kuwa gari lake halikuwa na nafasi, kila alichonunua alikiweka ndani ya gari langu, kule nyuma linakoning'inia. Sikuwa katika hali ya kubishana na mtu.

Tulifika gereji ya Fundi Chande mchana. Fundi Chande ni mnyoosha bodi, mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Ndiye aliyewanyooshea wengi wenu magari, kwa hiyo mnajua kwamba hana haraka. Alizunguka gari mara mbili. Boneti limekunjika kama kitabu kilichoachwa wazi, rejeta limepasuka, taa moja haipo. Kisha akafungua mlango wa nyuma, na karoti zikamwagika miguuni pake.

Aliziangalia kwa muda.

"Dada Zuhura," akasema, "uligonga genge?"

Kupanda na mthamini

Nina bima kubwa. Nilikuwa najivunia hilo. Watu wa bima walimtuma mthamini, Bwana Urio, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa na futi ya chuma kwenye mkanda. Alilikagua gari gerejini, akaridhika. Likabaki jiko. Kwa vile nilivunja mali ya mtu, ilibidi hasara ya jiko nayo iandikwe, na mwenyewe atoe maelezo. Faili ni moja, alinieleza. Haliwezi kufungwa nusu. Jiko likikwama, na gari limekwama.

Zilikuwa zimepita siku kumi. Tulipanda na gari la ofisi yake, yeye akiendesha, mimi nikitazama magoti yangu. Tulipofika alichukua kamera, akashuka kwa uangalifu kulinda viatu, akasimama mbele ya jiko. Lilikuwa jiko zuri. Ukuta mpya wa udongo umesawazishwa vizuri, nguzo mpya, na upande ule nilioingilia walikuwa wameweka dirisha.

"Jiko lililobomoka liko wapi?" akauliza.

"Ndilo hili," akasema Bibi Koleta.

"Hili halijabomoka."

"Tulilijenga."

"Lini?"

"Kesho yake baada ya gari kutoka. Ulitaka nipikie wapi?"

Bwana Urio alieleza kwa upole kwamba kazi yake ni kuona hasara kwa macho. Hapa haioni. Majirani waliokuwa wamekusanyika walimwonea huruma. Mtu katoka mjini, kavaa viatu vile, anarudi bila kuona alichofuata. Wakanong'onezana. Kisha mmoja akatoka nyumbani kwake na sururu begani.

"Mzee," akamwambia Bwana Urio, "tubomoe upande gani?"

Ilichukua muda kumrudisha yule bwana na sururu yake. Bwana Urio alipiga picha ya dirisha.

Akatoa sasa karatasi ya maelezo, akamsomea Bibi Koleta: mimi fulani, nalalamika kwamba siku fulani, Zuhura binti fulani aliniharibia mali yangu. Bibi Koleta akasikiliza hadi mwisho.

"Siweki dole," akasema.

"Kwa nini, Bibi?"

"Huyu alilala kwangu. Alikula kwangu. Nikamshtaki wapi tena?"

"Si kushtaki, Bibi. Ni utaratibu tu."

"Umesoma 'nalalamika'. Nimesikia."

Nilijaribu mimi. Nikamwambia Bibi, nakuomba unilalamikie, utanisaidia sana. Akanitazama kama mtu aliyeanza kutilia shaka kichwa changu, akaniuliza tena kama kweli siku ile sikuumia.

Ndipo akaitwa Mzee Dismasi, mdogo wake wa kiume. Kule ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo hakuna karatasi inayogusa ukuta wowote bila yeye. Alikuja taratibu, akaisoma ile karatasi mwenyewe, mbele na nyuma, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo nadhani Bwana Urio hajawahi kuyasoma.

"Kuna mahali pa kuandika kwamba dada yangu aliogopa?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Ni mali tu."

"Ukuta tulijenga siku moja. Yeye mpaka sasa hakai tena upande ule anapopika. Hilo halina mahali?"

Bwana Urio akasema halina. Mimi sikuwa na habari hiyo. Nilimtazama Bibi Koleta, naye akajishughulisha na kuni.

Mzee Dismasi alifikiri, akasema dada yake hatalalamika, lakini anaweza kusimulia. Aandikiwe karatasi isiyo na neno lile, naye asimulie yaliyotokea. Bwana Urio akasema maelezo ya namna hiyo lazima yachukuliwe ofisini, Morogoro, mbele yake na mkubwa wake. Bibi Koleta hakuwa ameshuka mjini tangu alipokwenda kumwuguza marehemu mume wake. Wote tulijua atakataa.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini anifuate huyu, na gari lake lile lile. Nione kama limepona."

Gairo, penye karanga

Kupona kwenyewe kulikwama kwenye boneti. Fundi Chande alikataa kulinyoosha. Akasema limekunjwa mno, na yeye ana jina la kulinda. Akaulizia huku na huko hadi akasikia kwamba Gairo kuna mwalimu mstaafu ambaye gari lake, aina ile ile, lilikufa injini miaka mingi iliyopita, na bodi bado nzima. Nikapanda basi la Dodoma asubuhi.

Mwalimu nilimpata kirahisi. Alinikaribisha, akaniuliza habari za Morogoro, akanipa maji, akanionyesha gari. Lilikuwa chini ya mti, halina magurudumu, na halina boneti.

"Boneti lipo," akasema. "Lina kazi kidogo."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Boneti jeupe lilikuwa limelazwa chali juu ya matofali, limejaa karanga. Mke wake alikuwa pembeni na ufagio, anafukuza kuku.

"Linaanika vizuri kuliko turubai," mwalimu akanieleza. "Bati linashika joto. Na kingo zinazuia zisimwagike."

"Nitalipataje, Mwalimu?"

"Zikikauka."

Nikamwomba mke wake tuzihamishie kwenye mkeka. Akaniambia kwa heshima kwamba karanga zikihamishwa katikati zinaota ukungu, na nikajua kwa sauti yake kwamba mazungumzo yameishia hapo. Nikakaa. Jua lilikuwa zuri, kila mtu alilisifia. Nililetewa ugali na mlenda. Saa saba mwalimu akachukua karanga moja, akaitikisa sikioni, akatikisa kichwa. Saa nane akanipa mimi nitikise. Sikujua nasikiliza nini, lakini nikasema bado, na wote wawili wakaniheshimu kuanzia hapo. Wakati tunasubiri, yule mama aliniuliza ajali ilikuwaje. Nikamsimulia yote, hadi kigoda. Aliacha kufukuza kuku kwa muda mrefu kiasi kwamba walikula karanga.

Saa kumi kasoro zikatikiswa tena, zikalia inavyotakiwa. Tukazikusanya kwenye gunia, wote watatu tumepiga magoti kulizunguka boneti. Nilipanda basi la kurudi nikiwa na boneti kwenye buti na karanga za zawadi mapajani. Kwenye kituo cha ukaguzi askari alilikuta boneti, akauliza ni la nani.

"La kwangu," nikasema.

"Na gari lenyewe liko wapi?"

"Morogoro."

Alinitazama kana kwamba jua limenipiga kichwani. Akaniruhusu niende.

Kupanda peke yangu

Fundi Chande alimaliza. Boneti lilipigwa rangi ya bluu ambayo ni bluu, lakini si ile bluu. Aliniachia gari kwa sharti kwamba nisiporudi na faili limefungwa, linarudi uani kwake na litakaa hapo hadi bima watakapomlipa. Sikuwa na ubishi. Bila gari siwezi kupeleka sare, na bila kupeleka sare sina kazi, nina cherehani tu.

Shabani alitaka kuomba ruhusa aje aendeshe yeye. Nikakataa, nikamwambia Bibi ametaka mimi. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwambia kwamba tangu siku ile sijashika usukani, na kwamba hata nikiwa abiria nakanyaga breki isiyokuwepo.

Siku hiyo hapakuwa na mvua wala dalili yake. Niliendesha hadi mita kama mia moja kabla ya ile kona, nikasimama. Nikazima injini. Nikajiambia nitatembea kwa miguu, nimchukue Bibi, tushuke. Nikatembea. Bibi Koleta alikuwa tayari, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, ana mkoba wa kijani.

"Gari liko wapi?"

"Liko pale chini, Bibi."

"Utageuzia wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Barabara ile haina mahali pa kugeuzia ila uwanja wa kanisa, na kanisa liko mbele, baada ya kona. Kurudi kinyumenyume mlima mzima nisingeweza. Ilibidi nipite pale pale.

Tukarudi kwenye gari. Bibi Koleta alilizunguka, akagusa boneti. "Limepona," akasema, "ila uso umebadilika." Akaingia, akafunga mkanda kwa msaada wangu. Niliwasha, nikasogea, nikafika mwanzo wa kona. Pale ukingoni walikuwa wamepanga mawe. Mguu wangu ukakanyaga breki na haukutaka kutoka. Nilisubiri utoke. Haukutoka.

Bibi Koleta alihangaika na mkanda hadi ukafunguka, akafungua mlango, akashuka. Nikadhani anakwenda nyumbani, na nisingemlaumu. Akaja mbele ya gari, akageuka akanitazama, mkoba begani, akaanza kutembea kinyumenyume katikati ya barabara, viganja viwili hewani.

"Njoo," akasema. "Njoo. Nafasi ipo. Njoo."

Mtu niliyekaribia kumuua alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya gari lile lile, hatua mbili kutoka kwenye bampa, mgongo wake kwenye mlima. Nilitaka kumpigia kelele apishe. Badala yake nikainua mguu. Gari likasogea. Alikuwa anatazama magurudumu, si mimi, uso umekunjwa kama anayesaga mahindi. "Kulia kidogo. Hapo. Njoo." Tulikwenda hivyo kona nzima hadi uwanja wa kanisa. Akapanda, akafunga mlango, akatafuta mkanda.

"Viatu hivi havifai kutembelea," akasema.

Ofisini

Bwana Urio alitupokea na chai. Mkubwa wake alikuwa ameitwa kwingine, kwa hiyo alisimamia peke yake, na nadhani hilo lilimtia wasiwasi, maana alifuata kila mstari.

"Bibi, tusimulie yaliyotokea."

"Nilikuwa nafungua mbuzi. Nikasikia hodi. Nikasema karibu. Gari likaingia."

"Aliyekuwa anaendesha ni nani?"

"Huyu."

"Ndiye aliyevunja jiko?"

"Gari lilivunja. Yeye alipiga hodi."

Bwana Urio aliandika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Akageuza ukurasa.

"Una uhusiano gani na huyu?"

"Ni mwanangu."

Kalamu ikasimama. "Mwanao?"

"Ndiyo."

"Wa kumzaa?"

"Kwani wa kuzaa ndiye mwana peke yake?"

Bwana Urio akaweka kalamu mezani, akanieleza mimi, kwa sauti ya chini, kana kwamba Bibi hayupo. Mwenye bima akimvunjia ndugu yake mali, faili haliishii kwake. Linakwenda Dar es Salaam kuchunguzwa, kwa sababu kuna watu hupanga. Huko linaweza kukaa mwaka. Akachukua tena kalamu.

"Dada Zuhura, nijibu wewe. Huyu ni mama yako?"

Mama yangu alifariki miaka minne iliyopita, Kilosa. Jibu lilikuwa jepesi na lilikuwa la kweli. Bibi Koleta alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi yake.

"Hapana," nikasema. "Si ndugu yangu. Nilimjua siku ile niliyomvunjia jiko."

"Asante," akasema Bwana Urio, akaandika haraka. Bibi Koleta aliweka dole gumba. Akatafuta kitambaa kwenye mkoba, akalifuta wino kwa muda mrefu, kidole hadi kwenye kucha. Faili likafungwa.

Kumrudisha

Tulianza kurudi jua likiwa bado juu. Nilimnunulia mkate na sukari, akapokea kwa mikono miwili kama mgeni anavyopokea. Tangu tutoke ofisini hakuwa ameniita mwanangu. Nilihesabu. Tulipita Sangasanga, na baada ya Mzumbe tukaanza kupanda.

"Bibi," nikasema, "ilibidi niseme vile. Kwa ajili ya karatasi."

"Nilisikia."

"Faili lingekwenda Dar."

"Nilisikia, nimekwambia. Tazama barabara."

Nikatazama barabara. Kwenye kona hakushuka, wala sikusimama. Gari lilipita, nikageuzia uwanja wa kanisa, nikalirudisha hadi pale barabarani, juu kidogo ya nyumba yake. Nikamshushia mkate na sukari. Nikaanza kuaga, nikisema bima wataleta malipo ya ukuta kupitia Mzee Dismasi. Baadaye kweli walileta, na wameshaweka mabati mapya na sakafu ya saruji.

"Wamemaliza?" akaniuliza.

"Wamemaliza, Bibi."

"Hawarudi tena kuuliza?"

"Hawarudi."

Alivua viatu vya kanisani, akaviweka juani, akaingia ndani. Nilisimama uani na funguo mkononi, sijui kama nimeagwa au bado. Sauti yake ikatoka jikoni:

"We Zuhura! Njegere zote hizi nimenye peke yangu?"

Nikaingia. Alikuwa amekaa chini ya lile dirisha, upande ule. Nikakaa mbele yake, nikaanza kumenya. Nilifanya kama tunavyofanya sisi wa mjini, napasua ganda kwa kucha, nusu ya njegere zinarukia kwenye majivu. Alivumilia maganda matano au sita.

"Nani kakufundisha kumenya hivyo? Mama yako hakukuonyesha?"

"Kwetu hatukuzilima, Bibi."

Akavuta ungo hadi ukagusa magoti yetu sote wawili, akachukua ganda moja, akalishika mbele ya macho yangu.

"Haya," akasema. "Tazama."